Je, wajua kwa nini tone la jiki hugeuza doa la jiwe kuwa jekundu?

Nyuma ya nyumba ya dada yangu, Igogo, kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Wakazi wa Mwanza mnanielewa: unajenga palipo na upenyo, jiwe linabaki lilipo. Juu yake huanikwa nguo, siku nyingine dagaa. Jumamosi moja mpwa wangu wa darasa la tano alilitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mjomba, hili jiwe lina ukurutu?"

Alikuwa akionyesha yale madoa ya mviringo, mengine ya kijivu, mengine ya njano inayoelekea kijani, ambayo sisi wengine tumeyazoea hata hatuyaoni tena. Kwa macho ya mtoto hakukosea sana. Doa lina kingo, linatambaa, na ukilikwangua linatoa unga. Ila jiwe haliumwi. Kile ni kiumbe hai, tena ni viumbe wawili wanaoishi nyumba moja: kuvu na mwani. Ndiyo maana kwa Kiswahili kinaitwa kuvumwani. Kuvu hujenga nyumba na kushika maji. Mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenzake. Mwaka 1867 mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Simon Schwendener, alipotangaza kuwa huyu si mmea mmoja bali ni muungano, wenzake wengi walimkatalia kabisa.

Si kila doa ni kuvumwani, tuelewane. Michirizi myeusi inayoteremka ubavuni mwa miamba yetu, pale maji ya mvua yanapopita, kwa kawaida ni utando wa sainobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Na ule weupe wa kileleni kwenye mawe yaliyo ndani ya ziwa ni kinyesi cha mnandi na ndege wengine.

Siku ile dada alikuwa anafua sare za shule, na chupa ya jiki ilikuwa karibu. Nikachovya kijiti, nikagusa doa la kwanza. Kimya. La pili, kimya. La tatu, la kijivu, nilikwangua kidogo kwa ukucha hadi nyama yake nyeupe ya ndani ikaonekana, nikagusa. Pakawa pekundu papo hapo, kama tone la juisi ya rosela. Baada ya muda mfupi wekundu ukafifia, ukaisha. Mpwa wangu akanitazama kama nimefanya mazingaombwe.

Njia hii ina zaidi ya miaka 150. Aliyeitangaza ni William Nylander, mwanasayansi wa Ufini aliyekuwa akifanya kazi Paris, mwaka 1866. Aligundua kwamba kuvumwani mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kutofautishwa kwa tone: moja inabadilika rangi, nyingine haibadiliki. Mpaka leo watafiti wanakwenda porini na kichupa cha jiki mfukoni, pamoja na kichupa cha pili chenye maji makali ya potashi, jamaa wa kostiki soda ya watengeneza sabuni. Jiki inayofaa ni mpya; iliyokaa wazi imekufa nguvu. Na tafadhali, usiichanganye na kitu kingine chochote, kwa kuwa jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya kudhuru mapafu. Potashi nayo inaunguza ngozi, si ya kuchezewa na mtoto.

Kinachogeuka rangi ni nini hasa? Kuvu iliyomo ndani ya muungano ule hutengeneza kemikali zake yenyewe. Wanasayansi wameshatambua zaidi ya 1,000, na nyingi kati ya hizo hazijulikani kwa kiumbe mwingine yeyote. Baadhi yake, kama asidi ya lekanori na asidi ya jairofori, zimejengwa kwa vipande vidogo vyenye umbo la pete. Jiki inapokutana na pete hizo inazichoma, kwa maana ya kuzipa oksijeni, na kinachozaliwa ni rangi nyekundu isiyodumu. Potashi hufanya kazi nyingine. Ikigusa kuvumwani ya rangi ya chungwa yenye parietini, inakuwa zambarau iliyokolea. Parietini ni ya ukoo mmoja na kemikali zinazofanya utomvu wa mshubiri uwe mchungu na kuendesha tumbo.

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi, maana kumbe jambo hili halikuwa geni kwetu. Watu wa pwani waliita kuvumwani moja marere. Inaning'inia kwenye miti na mawe karibu na bahari, na katika karne ya 19 ilikusanywa na kusafirishwa kupitia Zanzibar kwenda Ulaya kwa marobota. Huko ililowekwa pamoja na amonia, ambayo zamani ilipatikana kwenye mkojo uliochacha, na ikiachwa ipate hewa kwa wiki kadhaa hutoa rangi ya zambarau ya kutia nguo. Asili ya rangi hiyo ni zile pete zile zile. Na kila aliyesoma kidato cha kwanza amewahi kuishika: karatasi ya litmasi, inayokuwa nyekundu kwenye asidi na bluu kwenye besi, ilitengenezwa kutokana na kuvumwani za jamii hiyo.

Kwa nini kiumbe cha juu ya jiwe kijisumbue hivyo? Fikiria anapoishi. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua la saa saba juu ya jiwe tupu ni kali, na yeye hana miguu ya kukimbilia kivulini. Kwa hiyo huweka kemikali kwenye ngozi yake ya juu, kama asidi ya usniki yenye unjano, zinazonyonya miali ya jua kabla haijamfikia mwani aliye chini. Kemikali za ndani hukataa maji, ili vijitundu vya hewa visizibe mvua inaponyesha. Nyingine ni chungu, konokono hazipendi. Nyingine huzuia bakteria.

Hiyo ya kuzuia bakteria ndiyo inayowavutia watafuta dawa. Asidi ya usniki inaua aina kadhaa za bakteria kwenye maabara. Lakini mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya watu dhidi ya vidonge vya kupunguza unene vilivyokuwa nayo, baada ya watumiaji kuumia ini. Naomba hili lisikike kwa yeyote anayefikiria kuchemsha madoa ya mawe anywe: kitu kutoka porini hakiwi salama kwa sababu tu kimetoka porini.

Tone linatoa fununu tu. Ukitaka jina la kemikali, unaloweka kipande kidogo kwenye asetoni, ile iliyomo kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, kisha unadondosha maji yake kwenye kibao kilichopakwa unga laini wa silika. Ukingo wa kibao unasimamishwa ndani ya kimiminika, na kimiminika kinapanda kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Kila kemikali hubebwa kwa mwendo wake. Moja inafika juu, nyingine inachoka njiani. Kibao kikinyunyiziwa asidi ya salfuriki na kupashwa moto, madoa yanajitokeza, kila moja mahali pake. Mkemia Chicita Culberson wa Marekani ndiye aliyeongoza kuisawazisha njia hii miaka ya 1970, ili kibao cha maabara moja kisomeke na maabara nyingine.

Kipande chenye ukubwa wa ukucha kinatosha, na ni vizuri kiwe hivyo. Nyingi za kuvumwani zilizogandamana na jiwe hukua milimita moja hivi kwa mwaka, au pungufu. Kwa mwendo huo, doa lenye upana wa kisosi lilianza kabla ya Uhuru. Jiwe likipigwa moto lipasuliwe kokoto, limeondoka nalo. Kwenye hifadhi kama Saanane usikwangue chochote bila kibali.

Jioni ile mpwa wangu aliazima kwa wakala wa jirani taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, kwa kuwa nilimwambia zipo kuvumwani zinazowaka chini ya taa hiyo. Tulizunguka jiwe lote gizani. Upande wa ziwani, chini kabisa, doa moja lililoonekana la kijivu mchana likawaka njano kali. Huenda ni likezanthoni, kemikali inayopatikana kwenye kuvumwani nyingi za nchi za joto, ila bila kibao siwezi kuapa. Tuliliwekea alama ya chaki pembeni.