Nakala mama: kinachoamua kama filamu zako za DVD zinunuliwe upya

Nakala mama ni nakala ya kwanza iliyokamilika ya filamu, ile ambayo nakala nyingine zote huzalishwa kutoka kwake. Inaweza kuwa mkanda wa filamu wa milimita 35, kanda ya video, au faili ndani ya kompyuta. Mtu mwenye kabati la DVD akijiuliza kama azinunue upya kwa Blu-ray au 4K, mara nyingi huangalia namba iliyoandikwa kwenye kasha. Namba hiyo haitoshi. Cha kuuliza ni kama nakala mama ya filamu ina picha ya kutosha kujaza diski mpya, na kama toleo jipya limetoka humo kweli au limekuzwa tu kutoka toleo la zamani.

Tuanze na namba zenyewe, maana zina kazi yake. Picha ya runinga ni mkusanyiko wa vidoti viitwavyo pikseli. VCD ilikuwa na pikseli 352 kwa upana na 288 kwa urefu. Ndiyo maana ngoma ilipochanganya, watu wakirukaruka na taa zikimwekamweka, picha iligeuka miraba miraba na sura za wachezaji zikapotea. Diski moja ilibeba dakika 74 hivi, kwa hiyo filamu ikaja kwa diski mbili na mtu akalazimika kuinuka kubadilisha pale mambo yaliponoga. DVD ikaja na 720 kwa 576, zaidi kidogo ya mara nne ya VCD. Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2006, ina 1920 kwa 1080, sawa na DVD tano. Diski za 4K zilizoanza kuuzwa mwaka 2016 zina 3840 kwa 2160, yaani mara nne ya Blu-ray na mara 20 ya DVD.

Lakini namba hizo ni ukubwa wa chombo. Kikombe cha maziwa hata ukikimimina kwenye ndoo kitabaki kikombe kimoja.

Hapa ndipo umri wa filamu unapowachanganya wengi. Wanadhani filamu ya zamani haiwezi kufaidika na 4K, kumbe mara nyingi ndiyo inayofaidika zaidi. Mkanda wa milimita 35 hauna pikseli. Una chembechembe za kemikali zilizoshika mwanga, na ndani yake mna picha nyingi kuliko DVD ilivyowahi kuonyesha. Mwenye mkanda huo akiuskani upya kwa mashine za leo, anatoa vitu vilivyokuwamo siku zote: nyuzi za shati, mchanga uliopeperuka, uso wa mtu aliyesimama mbali. Lawrence of Arabia ya mwaka 1962 ilipigwa kwa mkanda mpana zaidi, wa milimita 65, na iliposafishwa kwa ajili ya miaka 50 yake iliskaniwa kwa 8K, kiwango cha juu kuliko hata 4K. Mwenye DVD yake ana sehemu ndogo tu ya kile ambacho kamera ilikiona jangwani.

Sasa ilinganishe na 28 Days Later ya mwaka 2002. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa kwa Canon XL1, kamera ya kanda ndogo za MiniDV, na picha ya kanda hizo ni ya kiwango cha DVD. Uiweke kwenye diski yoyote unayotaka, pikseli ambazo kamera haikuzinasa hazitatokea. Kuna na kundi la katikati, kubwa kweli: filamu nyingi za miaka ya 2000 na 2010 zilizohaririwa kwa kompyuta zikakamilishwa kwa 2K, upana wa pikseli 2048, ambao hauizidi Blu-ray kwa kitu cha maana. Diski zake za 4K mara nyingi ni hiyo 2K iliyokuzwa. Kwa filamu za kundi hilo, kama Blu-ray unayo, mimi ningeiacha palepale.

Tamthilia nazo zina mkasa wake. Star Trek: The Next Generation ilipigwa kwa milimita 35, lakini uhariri na madoido ya picha yakafanyiwa kwenye kanda za video, kwa hiyo nakala mama iliyokuwapo ilikuwa kanda. Kuitoa kwa Blu-ray kulianza mwaka 2012, na wahusika walilazimika kurudi kwenye negativu, yaani mkanda wenyewe uliotoka kwenye kamera, kuihariri upya sehemu kwa sehemu na kuyaunganisha madoido tena. Ni kazi ya gharama, na tamthilia nyingi hazitaipata.

Turudi nyumbani. Filamu za video za Nigeria zilishamiri baada ya Living in Bondage, iliyotoka mwaka 1992 moja kwa moja kwenye kanda za VHS. Filamu nyingi za Bongo za miaka ya 2000 zilirekodiwa kwa kamera za video na kuuzwa kwa VCD na DVD. Nakala mama zake, zile zilizosalia, ni za kiwango hichohicho. Ukikuta mtu anakuuzia filamu ya namna hiyo kwenye fleshi akakuambia ni 4K, amekuza picha kwa programu. Sikushauri uinunue. Lakini VCD halisi uliyonayo itunze vizuri sana, maana inawezekana mtayarishaji mwenyewe hana tena kanda aliyorekodia, na diski iliyo kwenye kabati lako ikawa ndiyo nakala mama iliyobaki.

Jambo hilo lina uzito zaidi kwa filamu zilizotafsiriwa kwa sauti. Wapenzi wa wasimuliaji kama Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya wanajua kwamba filamu ya Kihindi au ya Kichina yenye sauti ya msimuliaji ni kazi nyingine kabisa. Blu-ray ya filamu ileile itakupa picha safi, ila masimulizi hayamo. Usibadilishe moja kwa nyingine.

Nakala mama ikiwa nzuri, linabaki suala la macho na sebule. Runinga ya inchi 55 ina urefu wa kwenda juu wa sentimita 68 hivi. Ukikaa mita mbili na robo kutoka hapo, jicho la kawaida halitenganishi tena pikseli za Blu-ray, sembuse za 4K. Kwa runinga ya inchi 32, ukiwa kwenye kochi mita tatu nyuma, hata DVD iliyotengenezwa vizuri inakaribia kuwa yote ambayo jicho lako linaweza kuiona. Kwa hiyo kabla ya kununua diski, chukua futi kamba upime kutoka kwenye kochi hadi ukutani. Kinachoonekana hata kwa mbali ni HDR, teknolojia inayoipa picha ya 4K mwanga mkali na giza lenye kina pamoja, lakini inataka runinga yenye uwezo wa kung'aa. Nyingi za bei nafuu zimeandikwa HDR kwenye boksi na mwanga wake ni hafifu.

Faida nyingine haizungumzwi sana, nayo ni mwendo. Filamu za sinema huenda picha 24 kwa sekunde, ila DVD za mfumo wa PAL, ambao ndio unaotumika kwetu, huzikimbiza kwa 25. Filamu ya dakika 120 inaisha kwa dakika 115, na mara nyingi sauti hupanda kidogo. Blu-ray huirudisha kwenye mwendo wake halisi, na kwa filamu za muziki mwenye sikio atasikia tofauti.

Pia si kila toleo jipya ni bora. Zipo kampuni zinazofuta chembechembe za mkanda kwa programu ili picha ionekane laini, na nyuso za waigizaji zinaishia kuwa kama za nta. Chembe zile ndizo picha yenyewe. Ukizifuta, vinyweleo na mikunjo ya ngozi huondoka nazo. Tafuta picha za kulinganisha matoleo kabla hujalipa.

Hadi hapa nimezungumzia filamu ambazo ukizipoteza, mtu mwingine anazo. Kanda ya harusi ya wazazi haiko hivyo. Nakala mama yake ni ile kanda moja iliyo juu ya kabati, na kila masika inazidi kuchakaa. Kama pesa yako inatosha jambo moja tu, acha Blu-ray zote dukani uanze na hiyo. Ichukue uiangalie kupitia kile kidirisha kidogo cha plastiki. Ukiona vumbi jeupe au utando kwenye kingo za mkanda uliozungushwa, hiyo ni kuvu, na kwa nyumba za Pwani, kuanzia Tanga hadi Lamu, si ajabu kuikuta. Usiitumbukize kwenye deki. Itachafua vichwa vya kusomea na kuhamia kwenye kanda zitakazofuata. Ipeleke kwa fundi anayejua kusafisha kanda.

Kuhamisha VHS hakuna njia ya mkato: kanda ya saa tatu itachezwa kwa saa tatu, huku kifaa cha kunasa kikiirekodi kwenye kompyuta. Deki zinazidi kuadimika, kwani Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. MiniDV ni rahisi kidogo, kwa sababu data yake ni ya kidijitali tayari na inanakiliwa kwa waya wa FireWire bila kupungua chochote, kiasi cha GB 13 kwa saa moja. Fundi akimaliza, mwambie akupe faili kubwa aliyonasa, asikupe DVD peke yake, maana kuitia kwenye DVD kunaibana tena. Na asiikuze iwe 4K. Programu za kukuza hubuni sura, na sura ya bibi yako haifai kubuniwa. Faili hiyo iweke sehemu tatu, moja ikiwa kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. DVD za kuchoma nyumbani zisihesabiwe miongoni mwa hizo tatu, kwani rangi inayoshika data hufifia kwa joto na jua.

Wapo watakaouliza kwa nini wasinunue filamu mtandaoni wakaachana na diski. Inawezekana, ila fahamu unachonunua ni ruhusa ya kutazama. Huduma ya UltraViolet, iliyokuwa ikihifadhi orodha za filamu walizonunua wateja, ilifungwa tarehe 31 Julai 2019, na waliochelewa kuunganisha akaunti zao kwingine waliweza kupoteza walivyolipia. Halafu kuna bando: kutazama 4K kwa saa mbili kunaweza kula GB 14, na bado picha hiyo imebanwa kuliko ya diski.

Ukiamua kununua diski, au kumwagiza shangazi aliye London, angalia eneo, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imefungiwa kuchezwa. Blu-ray za Uingereza ni za eneo B, sawa na Afrika na Ghuba, kwa hiyo zitacheza Dar es Salaam na Muscat. Za Marekani mara nyingi ni za eneo A, na deki ya kwetu inaweza kuzikataa. DVD zina mgawanyo mwingine: Afrika Mashariki ni eneo 5, Uingereza 2, Marekani 1. Diski za 4K hazina mipaka hiyo, ingawa Blu-ray inayofungashwa nayo kwenye kasha moja inaweza kuwa nayo. Deki ya 4K husoma pia Blu-ray na DVD, hivyo huhitaji kubadilisha kabati zima kwa mkupuo. VCD ndizo zenye utata, kwa sababu deki nyingi mpya hazizisomi. Jaribu moja dukani kabla hujaiuza deki yako ya zamani.