Fidia maradufu: jinsi ya kuitazama Double Indemnity ya mwaka 1944

Dakika chache tu baada ya Double Indemnity kuanza, muuaji anajitaja mwenyewe. Walter Neff, wakala wa bima mwenye umri wa miaka 35, anaingia ofisini usiku jijini Los Angeles akiwa na jeraha la risasi, anaketi mbele ya mashine ya kurekodi sauti kwenye silinda za nta na kutaja tarehe, 16 Julai 1938. Kisha anakiri kwamba ameua kwa ajili ya pesa na mwanamke, na vyote viwili amevikosa. Anayetazama ili ajue nani kaua hana cha kusubiri. Cha kufuata ni namna mpango ulivyosukwa, mahali ulipovuja, na mkono wa kila fundi aliyekuwa nyuma ya kamera.

Tuanze na bima, kwa sababu asiyeielewa hupitwa na nusu ya filamu. Phyllis Dietrichson, ndiye mwanamke huyo, anataka mumewe akatiwe bima ya ajali bila mwenyewe kujua. Hapo tayari pana kosa, maana bima ya namna hiyo huhitaji ridhaa na sahihi ya anayekatiwa. Neff anamzunguka bwana huyo kwa karatasi za kuhuisha bima ya magari: anamwambia atie sahihi nakala mbili, na ile ya pili ndiyo fomu ya bima ya ajali ya dola 50,000. Binti wa mzee, Lola, anawekwa chumbani humo humo ili awe shahidi, naye hajui anashuhudia nini.

Kipengele cha fidia maradufu kinasema kwamba kampuni italipa mara mbili ajali ikitokea kwa njia fulani zilizotajwa, mojawapo ikiwa kwenye treni. Ni ukarimu wa hesabu: ajali hizo ni nadra, hivyo ahadi humgharimu mtoa bima kidogo huku ikiupendezesha mkataba machoni pa mteja. Neff anaijua hesabu hiyo, ndiyo maana anang'ang'ania treni. Dola 50,000 zinakuwa 100,000.

Utekelezaji wake unaonyeshwa hatua kwa hatua. Neff anatia kadi ndogo kwenye kengele ya simu na ya mlango nyumbani kwake, ili akirudi ajue kama kuna mtu alipiga simu au kubisha hodi alipokuwa hayupo. Anajificha kwenye gari nyuma ya kiti. Phyllis anaendesha, na honi yake ya tatu ndiyo ishara ya kuua. Dietrichson alikuwa amevunjika mguu na anatembea kwa magongo, kwa hiyo Neff naye anajifunga mguu, anachukua magongo na kupanda treni kwa jina la marehemu. Kwenye behewa la mwisho anamkuta abiria mmoja, Jackson, anamtuma amletee sigara zake, kisha anaruka. Maiti inalazwa relini.

Mpango unavujia mahali ambapo hakuna aliyepaangalia. Bosi wa kampuni anadai marehemu alijiua, ili kampuni isilipe. Barton Keyes, mkuu wa kitengo cha madai, anamporomoshea majedwali ya watu waliojiua kwa kila njia: sumu, bastola, kuzama, kuruka. Hakuna hata mmoja aliyejiua kwa kujirusha kutoka nyuma ya treni iendayo maili 15 kwa saa. Baadaye swali moja linamnyima Keyes usingizi: mtu ana bima ya ajali, anavunjika mguu, kwa nini hakudai fidia ya mguu? Jibu pekee ni kwamba hakujua kama ana bima. Kwa maoni yetu, hilo ndilo tundu lililochongwa vizuri kuliko yote katika filamu za uhalifu za wakati ule. Halihitaji alama za vidole wala shahidi wa ghafla, linatokana na faili lenyewe.

Nyuma ya hadithi kuna kesi ya kweli. Mwaka 1927 huko New York, Ruth Snyder na mpenzi wake Judd Gray walimuua Albert Snyder, mume wa Ruth, aliyekuwa amekatiwa bima yenye kipengele hicho hicho. Wote wawili waliuawa kwenye kiti cha umeme katika gereza la Sing Sing, Januari 1928. James M. Cain, aliyekuwa mwanahabari mjini humo miaka hiyo, aliandika hadithi yake iliyotoka kwa mfululizo katika jarida la Liberty mwaka 1936.

Studio zilikuwa zimeiona kabla ya hapo, mwaka 1935, lakini ofisi ya Joseph Breen iliyosimamia kanuni za maadili za Hollywood iliikataa. Studio ya Paramount ilipoirudisha mwaka 1943, mwongozaji akiwa Billy Wilder, pingamizi zilizobaki zilikuwa za vitu vidogo vidogo: urefu wa taulo alilojifunga Phyllis, namna maiti inavyotupwa, na undani wa tukio la muuaji kuuawa kwa hukumu ya kifo. Ukali huo ulisaidia bila kukusudia. Mauaji hayaonekani. Kamera inabaki kwenye uso wa Barbara Stanwyck, anayeigiza Phyllis, akitazama barabara mbele, na uso huo hautikisiki.

Mshirika wa kawaida wa Wilder, Charles Brackett, hakuitaka kazi hii, na Cain mwenyewe hakupatikana. Akaitwa Raymond Chandler, mwandishi wa riwaya za upelelezi ambaye hakuwahi kuandika filamu. Hawakupatana hata kidogo. Chandler alifikia kuandika orodha ya malalamiko dhidi ya Wilder. Lakini yeye ndiye aliyetambua kwamba mazungumzo ya Cain yaliandikwa kwa jicho na hayasemeki mdomoni. Anayeandika mswada leo na afanye jaribio hilo hilo: mpe mwigizaji asome kwa sauti kabla ya kupanga tarehe ya kupiga picha. Chandler anaonekana pia kwa sekunde chache, ameketi kwenye kiti nje ya ofisi ya Keyes akisoma, Neff anapopita.

Sasa taa. John F. Seitz, mpigapicha aliyeanza tangu enzi za filamu bubu, alitaka chumba cha akina Dietrichson kionekane hakijapanguswa vumbi. Alipeperusha chembe za alumini hewani ili zimetemete ndani ya miale inayopita kwenye pazia za vibao. Michirizi ile ya kivuli ikaja kuwa alama ya filamu za giza (film noir), yaani filamu za uhalifu zenye vivuli vizito, kwa jumla, na imeigwa mpaka ikachosha.

Mtengeneza filamu mdogo anaweza kuipata kwa taa moja. Tumia taa kali yenye chanzo kidogo, usiweke kitambaa cha kulainisha, na uisogeze mbali na vibao kadiri chumba kinavyoruhusu. Vibao navyo viwe karibu na mwigizaji au ukuta. Michirizi ikiwa na ukungu, ama taa ni pana mno au vibao viko mbali na ukuta. Ikifutika kabisa, tafuta mwanga unaodunda kutoka kwenye kuta nyeupe, uzibe kwa kitambaa cheusi. Alumini usiiige: unga wake huumiza mapafu, na ukitanda hewani unaweza kulipuka. Hata unga wa ngano unaweza kulipuka. Kodisha mashine ya ukungu ya jukwaani na ufungue madirisha kila unapomaliza kupiga kipande kimoja cha picha.

Waigizaji walichaguliwa kinyume cha mazoea. Fred MacMurray, anayeigiza Neff, alijulikana kwa vichekesho vyepesi, na George Raft alikuwa ameikataa nafasi hiyo kabla yake. Edward G. Robinson, jambazi maarufu wa skrini tangu 1931, hapa ndiye Keyes, mtu mwadilifu. Wigi ya kimanjano ya Stanwyck ililalamikiwa ndani ya studio, lakini picha nyingi zilikuwa zimeshapigwa na isingeweza kubadilishwa. Sisi tunaiona inafaa, kwani Phyllis ni mtu bandia tangu nyweleni.

Makosa mawili yanafaa kutafutwa. Mlango wa nyumba ya Neff hufungukia nje, kwenye korido, jambo lisilo la kawaida kwa majengo yale; bila hivyo Phyllis asingekuwa na pa kujificha Keyes anapotoka. Hilo lilikuwa la makusudi. La pili ni pete ya ndoa kidoleni mwa MacMurray, ilhali Neff ni kapera.

Gari linalogoma kuwaka baada ya maiti kulazwa relini halikuwamo kwenye mswada. Gari la Wilder mwenyewe liligoma, naye akarudi kulitia tukio hilo.

Uamuzi mgumu zaidi ulifanyika mwishoni. Wilder alijenga chumba cha gesi na kupiga tukio la Neff kuuawa humo, kwa gharama inayotajwa kuwa takriban dola 150,000, kisha akalitupa lote. Alikuwa na mwisho mwingine: Neff ameanguka mlangoni, na Keyes, ambaye filamu nzima amewashiwa sigara na Neff, sasa anamwashia yeye. Baada ya hapo chumba cha gesi kingekuwa maelezo tu.

Filamu iliteuliwa kuwania tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya muziki wa Miklós Rózsa, na haikupata hata moja. Mwaka uliofuata Wilder alishinda kwa The Lost Weekend.

Unapotafuta nakala, hakikisha ina dakika 107 na picha yenye umbo la karibu na mraba, uwiano wa 1.37 kwa 1, ikiwa na pande nyeusi kushoto na kulia. Televisheni nyingi huivuta picha ijaze kioo. Zima mpangilio huo. Punguza pia mwangaza hadi nyeusi iwe nyeusi kweli, la sivyo kazi ya Seitz itageuka kijivu.