Kobe chapati: ngome yake ni jiwe

Watu husema ukimwona kobe ameinama, ujue anatunga sheria. Kobe chapati hana subira hiyo. Ukimkaribia haingizi kichwa kwenye gamba akangoja uondoke. Hutimua mbio hadi kwenye ufa wa jiwe, akajipenyeza ndani na kujikaza kwa miguu na kucha hata usiweze kumvuta.

Wengi wetu hapa Mombasa kobe tunayemjua ni lile jitu la Haller Park, Bamburi, lenye asili ya Aldabra huko Shelisheli. Huyu mwingine ana urefu wa sentimita 17 hivi, tena bapa, ndipo akapata jina hilo la chapati. Mifupa ya gamba lake ni myembamba na ina matundu, kwa hivyo gamba hunepa. Ukimshika na kidole kikawa chini ya tumbo lake, unahisi pumzi zake zikipanda na kushuka. Gamba laini namna hiyo halimkingi na adui. Jiwe ndilo linalomkinga.

Na si jiwe lolote. Huishi kwenye miamba ya nchi kavu, kama kule Kitui na Tharaka, hadi Tanzania, na wachache kaskazini mwa Zambia. Hutaka mwanya mwembamba unaomtosha yeye tu. Mawe yetu ya matumbawe siyo makao yake. Ukimkuta mjini Mombasa, basi kuna mtu aliyemleta.

Kinachoniumiza zaidi ni jinsi anavyotolewa. Wawindaji wanaomtafuta ili wamuuze huingiza mtaimbo kwenye ufa na kulibomoa jiwe. Kobe mmoja amekwenda, na nyumba ya vizazi vyake imekwenda pia, kwa kuwa ufa huo hakuna fundi awezaye kuurudisha. Jike naye hutaga yai moja tu kwa kawaida kila anapotaga, kwa hivyo pengo huchukua miaka kuzibika. Kwingine vichaka vinavyozunguka miamba hufyekwa kwa ajili ya mashamba. Mwaka 2019 aliorodheshwa kimataifa kuwa yuko hatarini kabisa kutoweka, na mwaka huohuo CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, ukapiga marufuku biashara ya kimataifa ya kobe hawa wanaotolewa porini.

Najua wapo wanaomnunua kwa huruma, wakidhani wanamwokoa. Tafadhali usimnunue, maana pesa yako ndiyo inayorudisha mtaimbo kwenye jiwe jingine. Usimfuge, wala usimwachilie kwenye kichaka cha Nyali au Kisauni. Ukimkuta, wapigie Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na wakati unawangoja mweke kivulini ndani ya boksi lenye matundu ya hewa. Ukijua alikotolewa, hata kama ni jina la kijiji tu, waambie. Bila hilo, ni vigumu mno kumrudisha kwao.