Kupandikiza ini na kongosho kwa pamoja: yanayosemwa na yaliyo kweli

Upasuaji huu ni wa nadra. Miongoni mwa wanaouhitaji ni wagonjwa wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mwili uwe mzito. Ute huo huziba vijifereji vya nyongo mpaka ini likakakamaa, na huziba vya kongosho mpaka mgonjwa akapata kisukari.

Dhana: Kongosho bovu hutolewa ili jipya likae mahali pake.
Ini la zamani ndilo linalotolewa. Kongosho la zamani huachwa lilipo, kwa sababu kulikwangua kutoka kwenye mishipa mikubwa ya damu ni hatari isiyo na faida.

Dhana: Ni operesheni mbili, basi hatari ni maradufu.
Mara nyingi viungo huja kama fungu moja: ini, kongosho na duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, vikiwa bado vimeshikana. Huoshwa kwa maji ya kuhifadhia viungo na kuwekwa kwenye ubaridi wa nyuzi 4 hivi. Ateri zinazolisha ini na kongosho hukatwa pamoja na kipande cha aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, kwa hiyo daktari hushona mdomo mmoja badala ya miwili. Vena ya lango ya mgonjwa, yaani mshipa unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini, hushonewa kwenye ile iliyokuja na viungo. Mfereji wa nyongo wa fungu hilo haukatwi kabisa: unaendelea kumwaga nyongo kwenye duodeni iliyokuja nao, nayo duodeni huunganishwa na utumbo wa mgonjwa. Hiyo ni nafuu kubwa, maana katika upandikizaji wa ini peke yake mshono wa nyongo ni msumbufu, huvuja au huziba.

Hatari haiishi, huhamia kwingine. Damu hupita polepole kwenye kongosho, hivyo huganda kwa urahisi siku za mwanzo. Mshono wa duodeni ukivuja, vimeng'enya vya kongosho huunguza tumbo kwa ndani, na mara nyingi mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji. Kongosho pia halivumilii kukaa nje ya mwili. Timu hujitahidi damu irudi ndani yake kabla ya saa 12 kupita.

Dhana: Ndugu anaweza kumega ini na kongosho, vyote vitaota tena.
Ini hukua tena, kongosho la mtu mzima halioti. Na fungu lenye duodeni na kipande cha aota haliwezi kutoka kwa mtu aliye hai.

Dhana: Sistiki faibrosisi imepona.
Viungo vipya havina kasoro hiyo. Mapafu, ambayo nayo huharibiwa na ute mzito, bado ni yale yale.

Dhana: Sukari ikitulia, dawa zinaachwa.
Insulini inaweza kuachwa. Dawa za kuzuia mwili usikatae viungo ni za maisha. Takrolimasi ya kawaida, mojawapo ya dawa hizo, humezwa kila baada ya saa 12, na damu ya kupima kiwango chake huchukuliwa asubuhi *kabla* ya kumeza dozi. Ukimeza kwanza, jibu litadanganya. Balungi hupandisha kiwango hicho. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu inayotumika sana kwetu, hukishusha vibaya mno, kwa hiyo kliniki ya TB lazima ijue mgonjwa amepandikizwa. Takrolimasi na steroidi zenyewe hupandisha sukari, basi sukari ikipanda usiseme moja kwa moja kwamba kongosho limekataliwa: amilesi na lipesi, yaani vimeng'enya vya kongosho vinavyopimwa kwenye damu, na picha ya mishipa ya kongosho huangaliwa kwanza.