Hako katoto ka nyani kwenye video hakakupendi, kanaogopa: dhana potofu kuhusu makaki

"Daktari, ukimchukua akiwa mdogo si anazoea tu?" Hili swali nimelisikia mpaka basi. Mtu kaleta mbwa wake kuchanjwa, tukimaliza anatoa simu ananionyesha video, katoto ka nyani kamevalishwa pampasi na gauni, kananyonya chupa, kamemng'ang'ania mdada shingoni, halafu anauliza kanauzwa wapi, kanakula nini, na kama nitakubali kukachanja. Wengi wa hao mnaowaona si tumbili wa kwetu, ni makaki (macaque), kundi jingine la jamii ya nyani, hasa makaki mkia-mrefu na makaki mkia-nguruwe wa kusini mashariki mwa Asia, na karibu kila kitu watu wanachoamini kuhusu hizo video si kweli.

Nianze na hii ya kulea tangu mdogo maana ndo inayoniumiza zaidi.

Makaki anabeba mimba miezi mitano na nusu hivi, anazaa mtoto mmoja, na tangu siku ya kwanza mtoto amejishika tumboni kwa mama yake. Mama hamwachii hovyo. Kwahiyo ukiona katoto ka wiki mbili sebuleni kwa mtu usiulize kanakula nini, uliza mama yake yuko wapi. Ameuawa, au kanaswa mtegoni, au yuko kwenye kizimba cha kuzalishia ambako kila akizaa ananyang'anywa. Watu wanasema ona kanavyompenda, jamani, hicho kiumbe kinashika chochote chenye joto na ulaini kwasababu mwili wake umeumbwa kushika mama. Tena hili lilishaonekana zamani, kwa njia ya kikatili. Miaka ya 1950 kule Wisconsin, Marekani, mwanasaikolojia Harry Harlow aliwatenga watoto wa makaki resusi (spishi nyingine ya makaki wa Asia) na mama zao akawawekea sanamu mbili, moja ya waya na moja ya kitambaa, na hata pale chupa ya maziwa ilipowekwa kwenye waya watoto walikuwa wananyonya haraka wanarudi kukumbatia kitambaa. Baadaye kuna waliolelewa peke yao kabisa, hao wakawa wanajiyumbisha mbele nyuma, wanajing'ata wenyewe, na baadhi ya majike walipokuja kuzaa wakawapuuza watoto wao au kuwaumiza. Kule kujiyumbisha ndo huko huko mnakowekea muziki mnasema kanacheza.

Na lile tabasamu. Resusi au mkia-mrefu akivuta midomo nyuma meno yakaonekana, anasema naogopa, usinidhuru. Hacheki. Kuna makaki weusi wenye kishungi wa Sulawesi, Indonesia, ambao kwao kuonyesha meno ni kweli ishara ya urafiki, lakini huwezi kuchukua tabia ya spishi moja ukaibandika kwa nyingine, na makaki wana spishi zaidi ya 20.

Haya, tuseme kamekua. Akifika miaka minne mitano dume la mkia-mrefu linaelekea kilo 5 mpaka 9 na lina chonge ndefu zinazochana nyama. Makaki wanaishi kwa vyeo, kila mmoja anajua nani yuko juu yake na nani yuko chini, sasa wewe umemleta nyumbani kwako na yeye anaanza kupima vyeo, na mara nyingi anaanza na mdogo wa nyumba, yaani mtoto wako. Hapo ndo watu wanakuja kuomba nimng'oe chonge. Siwezi kufanya hivyo, na msiniombe. Kinachofuata ni mnyororo au kizimba cha nyuma ya nyumba, na akitunzwa anaweza kufika miaka 30.

Halafu kuna kirusi cha B, aina ya herpesi ya makaki, si kile cha homa ya ini B. Makaki wakubwa wengi wanakibeba bila hata kuonekana wagonjwa, kwa binadamu kinapanda mpaka kwenye ubongo. Kilijulikana baada ya daktari mmoja kijana Marekani kung'atwa na resusi mwaka 1932 akafariki. Kwa watu ni nadra sana, kesi zinazojulikana ni kama 50 hivi, ila bila kuwahi dawa wengi hawaponi. Kumlea tangu mdogo na kumwogesha kwa shampuu hakuhusiani kabisa na hilo.

Kingine, ukitazama na kulaiki unalipia. Mwaka 2023 uchunguzi wa BBC ulifichua mtandao wa watu Marekani na Uingereza waliokuwa wanalipa ili watoto wa makaki mkia-mrefu wateswe Indonesia na kurekodiwa. Sisemi kila video iko hivyo, nasema soko la video za watoto wa nyani ndo linafanya mtoto awe na bei. Na kama unawaza basi nichukue tumbili wa hapahapa, maelezo yote ya mama na chonge ni yaleyale, na Tanzania na Kenya kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa. Fuga paka.

Nyingine nazipitia haraka.

"Makaki ndo tumbili wa Asia." Hapana. Kiukoo makaki wako karibu zaidi na nyani wetu wa porini kuliko tumbili. Na si wote wa Asia, wapo wa Barbari wanaoishi Morocco na Algeria kwenye misitu ya mierezi na miamba, hawana mkia, na madume yao yanabeba watoto na kuwalea sana. Hao nao wanaibwa wakiwa wadogo wanauzwa Ulaya, na tangu 2008 wameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka.

"Wako wengi, kila hekalu wamejaa, hawawezi kuisha." Mkia-mrefu aliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 2022. Unawaona wengi barabarani na hekaluni kwasababu msitu umekatwa na pale kuna chakula, huko ndani hesabu ni nyingine. Wananaswa pia kwa ajili ya maabara, na China iliposimamisha kuuza nje mwaka 2020 bei ikapanda sana, na bei ikipanda anayeumia ni wa porini. Wale weusi wa Sulawesi hali yao ni mbaya zaidi, wanaliwa, wako hatua ya mwisho kabla ya kutoweka porini.

"Dume kubwa ndo linaongoza kila kitu." Madume yakikomaa yanahama kundi, majike yanabaki maisha yao yote na vyeo vinatoka kwa mama kwenda kwa binti. Kwa makaki wa Japani na resusi binti mdogo huwa anakaa juu ya dada yake mkubwa, hii huwa napenda kuwaeleza watu.

"Wale wa Japani wote wanaoga maji moto." Ni kundi la Jigokudani, Nagano, na tabia yenyewe ilianza miaka ya 1960. Makundi mengine yanavumilia theluji kwa manyoya mazito na kukumbatiana.

"Kuwalisha ni wema." Ndizi yako leo ndo inamfundisha kesho amrukie mama wa watu mwenye mfuko. Gibraltar, eneo la Uingereza kusini mwa Hispania ambako nako wapo makaki wa Barbari, kuwalisha ni kosa na unapigwa faini.

Wanaosafiri Bali au Thailand: usibebe chakula mkononi, usimkodolee macho, usicheke ukionyesha meno. Akikung'ata au kukukwaruza, hata kidogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 hapohapo, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo useme wazi kwamba ni makaki ili daktari aamue dawa ya kuzuia kirusi cha B na chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri urudi nyumbani.