Je, wajua kwa nini wimbo mmoja wa dansi uligawanywa pande mbili za santuri?

Ukikutana na santuri ndogo ya zamani ya muziki wa dansi, ile ya inchi 7, soma lebo zake za pande zote mbili. Mara nyingi utakuta jina la wimbo ni lile lile. Upande wa kwanza ni sehemu ya kwanza ya wimbo, upande wa pili ni sehemu ya pili. Msikilizaji alikuwa anacheza nusu, ananyanyua sindano, anageuza sahani, kisha anaendelea na utamu ulipoishia.

Watu wa Tabora wana sababu ya kulijua jambo hili. Mji huo ulikuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, bendi ambazo nyimbo zake zilisikika mbali sana na Unyamwezi. Kigoma ilikuwa na Lake Tanganyika Jazz, na muziki wa Kongo ulikuwa ng'ambo ya ziwa tu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo sahani nyingi za bendi zetu zilikandamizwa Nairobi, nyingine kwa kutumia kanda zilizorekodiwa na mafundi mitambo wa Radio Tanzania Dar es Salaam.

Kwa nini basi wimbo mzima haukuwekwa upande mmoja?

Jibu linalotolewa na wengi ni kwamba sahani ilikuwa inajaa: dakika tatu zikitimia, nafasi imekwisha. Jibu la pili ni kwamba wenye kampuni walitaka kuokoa nyimbo, wauze mmoja mahali pa mbili. Hili la pili halina nguvu sana. Mnunuzi hupenda kupata nyimbo mbili kwa bei moja, na muuzaji anayejua soko lake angempa mbili. Jibu la kwanza ndilo lililokita mizizi, na ndilo linalohitaji kung'olewa kwa subira, maana linakaribia ukweli huku likiukosa.

Tupige hesabu. Santuri ya inchi 7 huzunguka mara 45 kwa dakika. Sehemu inayoweza kuchongwa, kutoka ukingoni hadi karibu na lebo, ina upana wa milimita 30 hivi. Katika sehemu hiyo kila upande una mfereji mmoja tu, mrefu, unaojizungusha kuelekea katikati. Wimbo wa dakika 3 unahitaji mizunguko 135, hivyo kila mzunguko unapata milimita 0.22. Wimbo wa dakika 6 unahitaji mizunguko 270, na kila mmoja unapata milimita 0.11. Mfereji usio na sauti yoyote unaweza kuwa na upana wa milimita 0.05 tu. Dakika sita zinaingia, na nafasi inabaki. Ushahidi upo hadharani: mwaka 1968 The Beatles walitoa santuri ya mizunguko 45 yenye wimbo wa zaidi ya dakika 7 kwenye upande mmoja.

Kwa hiyo sahani haikujaa. Swali linabadilika: ile nafasi iliyoachwa kati ya mzunguko na mzunguko ilikuwa ya nini?

Ilikuwa ya besi.

Sauti kwenye santuri ni mtikisiko wa mfereji. Gitaa la besi likipigwa, mfereji hauendi moja kwa moja. Unayumba kulia na kushoto, na sindano ya gramafoni huyumba nao. Sauti nyembamba, kama ya manyanga au matoazi, huufanya mfereji utetemeke haraka lakini kwa hatua ndogo mno. Sauti nzito huuyumbisha polepole kwa hatua kubwa. Chukua kasi ya mtikisiko ya sentimita 5 kwa sekunde. Kwa sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde, mfereji husogea mikroni 8 tu kila upande (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwa sauti nzito ya mitetemo 50, kasi ikiwa ile ile, husogea mikroni 160 kila upande. Mara ishirini zaidi! Mfereji wa namna hiyo ungevamia wa jirani yake, na sindano ingeruka.

Mkulima wa tumbaku wa Urambo anaijua hesabu hii bila karatasi. Shamba la eka moja haliongezeki. Akitaka matuta mengi, lazima ayasogeze na kuyafanya membamba. Akitaka matuta mapana, akubali yawe machache. Fundi wa kuchonga santuri alikuwa na shamba la milimita 30. Dakika za wimbo ndizo idadi ya matuta, na besi pamoja na ukubwa wa sauti ndio upana wake. Akipewa dakika sita, ataziingiza zote, lakini itabidi apunguze sauti nzima au ainyime besi uzito wake. Akipewa dakika tatu, anaweza kuacha besi itembee.

Kuna hila moja iliyopunguza tatizo hili, nayo inastahili kujulikana zaidi, kwa sababu wengi huamini kuwa santuri hubeba muziki kama ulivyopigwa. Haubebwi hivyo. Kabla ya kuchongwa, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, kwa kipimo kilichowekwa na chama cha kampuni za rekodi cha Marekani, RIAA, mwaka 1954. Kwenye mitetemo 50 sauti hupunguzwa karibu mara 7. Kwenye mitetemo 10,000 huongezwa karibu mara 5. Mashine ya kuchezea, au amplifaya yake, hufanya kinyume chake na kurudisha muziki mahali pake. Ndiyo sababu ukiunganisha mashine ya santuri isiyofanya kazi hiyo yenyewe moja kwa moja kwenye amplifaya isiyo na tundu lake maalumu, unasikia muziki mkavu, mkali, usio na besi: unasikia kile hasa kilichochongwa. Faida yake ni mbili. Mikroni 160 za besi zinashuka hadi 23 hivi, na mashine inapoteremsha zile sauti nyembamba zilizoongezwa, inateremsha pamoja nazo mchakacho wa sahani.

Lakini hata baada ya msaada huo, shamba ni lile lile. Fundi bado analazimika kuchagua.

Kazi yenyewe ilifanyika kwenye mashine kubwa ya kuchonga, kama zile za Neumann za Ujerumani au Scully za Marekani. Juu yake hulazwa sahani ya alumini iliyopakwa vanishi laini nyeusi. Kichwa chenye ncha ya yakuti, iliyopashwa moto ili ikate bila kukwaruza, hushuka na kuanza kuchonga. Vanishi iliyokatwa hutoka kama uzi mwembamba usiokatika, na mrija hukaa nyuma ya ncha kuunyonya. Uzi ule ukijikunja chini ya ncha, sahani imeharibika, na tena hushika moto upesi. Pembeni kuna darubini ndogo. Fundi huinama, hutazama mifereji iliyokwisha kuchongwa, na huangalia ukuta uliobaki kati ya mmoja na mwenzake. Ukuta ukipotea, anaanza upya na sahani nyingine. Mashine zilizoendelea zaidi zilikuwa na kichwa cha ziada kilichosoma kanda kabla muziki haujafika kwenye ncha, ili mifereji ipanuliwe besi inapokuja na kubanwa inapotulia.

Mifereji iliyobanwa mno huacha alama inayosikika. Vanishi ni laini, kwa hiyo mfereji mpya unaweza kuusukuma kidogo ukuta wa ule uliotangulia. Matokeo yake ni sauti hafifu ya mwimbaji inayosikika kabla hajaanza kuimba. Kwenye santuri ya mizunguko 45 hutangulia kwa sekunde 1.33, ambao ndio muda wa mzunguko mmoja. Wapo wanaodhani ni kosa la studio. Ni jirani anayesikika kupitia ukutani.

Je, kulikuwa na haja gani ya sauti kubwa, wakati gramafoni ina kitufe cha kuongeza? Kwanza, zile gramafoni za kuzungusha kwa mkono, za enzi ya santuri za mizunguko 78, hazikuwa na kitufe hicho. Sauti yote ilitoka kwenye mfereji na kupaazwa na pembe. Hata umeme na betri vilipokuja, kitufe kiliongeza kila kitu kwa pamoja, muziki na mchakacho. Santuri iliyochongwa kwa sauti ndogo, ikichezwa kwenye baa ya Tabora yenye vumbi la kiangazi na watu wanaozungumza, inalazimisha kitufe kipandishwe, na mikwaruzo inapanda nacho. Santuri iliyochongwa kwa sauti kubwa inaizidi mikwaruzo. Kwa muziki wa kuchezwa, ambao besi na tumba ndizo zinazoinua miguu, kukata wimbo katikati kulikuwa na hasara ndogo kuliko kuinyima besi.

Hayo hayamaanishi kwamba kila wimbo uliogawanywa uligawanywa kwa hesabu ya mikroni. Desturi ikishazoeleka hufuatwa hata pale ambapo isingehitajika. Tena umbo la muziki wenyewe lilikubali kukatwa. Wimbo wa dansi huanza na mashairi kwa mwendo wa taratibu, kisha hupanda kwenye chemko, magitaa yakishika usukani na waimbaji wakirudia kiitikio. Wakongo wana sebene yao mahali hapo hapo, na santuri zao nyingi ziligawanywa vivyo hivyo. Mashairi upande wa kwanza, chemko upande wa pili: mkato unaangukia mahali ambapo bendi yenyewe hubadilisha mwendo.

Hapo kuna jambo la ajabu la mwisho, nalo linampa fundi kazi nzito kuliko zote. Sahani huzunguka kwa kasi moja, lakini mzunguko wa ukingoni ni mrefu kuliko wa karibu na lebo. Kwenye santuri ndogo, mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 40 hivi kwa sekunde mwanzoni, na 25 hivi mwishoni. Sauti zile zile zinabanwa katika nafasi fupi zaidi. Mawimbi ya manyanga, matoazi na herufi "s" za waimbaji huwa madogo kiasi kwamba ncha ya sindano haiwezi tena kuyafuata vizuri, na sauti hukwaruza. Kwa maneno mengine, chemko hupamba moto pale pale ambapo sahani inaishiwa uwezo. Hapa tena wimbo mfupi una nafuu: upande wa dakika tatu usiotumia milimita zote 30 unaweza kumalizika mbali kidogo na lebo. Ule wa dakika sita, ukitaka besi yoyote ya maana, hutambaa hadi kwenye mduara wa mwisho kabisa, na fundi hubaki na njia moja, kupunguza makali ya manyanga ili yasichanike.

Nyimbo hizi zilipokuja kuhamishiwa kwenye kaseti na CD kutoka kwenye santuri, wahamishaji walilazimika kuunganisha sehemu mbili. Sikiliza kwa makini karibu na katikati: mara nyingi sauti hufifia au husimama, kisha bendi inaanza tena, na manyanga yanayorudi ni maangavu kuliko yale yaliyoishia. Yale ya kwanza yalitoka karibu na lebo, haya yametoka ukingoni.