Kijiji "kisichojulikana" kina wenyewe: tunayodhani kuhusu vijiji vya juu vya Himalaya

Langza ni kijiji cha bonde la Spiti, jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India. Kiko mita 4,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku ya pili niliyokaa pale, mtoto wa nyumba niliyofikia aliniwekea kiganjani kijiwe cheusi chenye mviringo uliojizungusha kama konokono. Mimi nimekulia Tanga. Gamba la baharini nalitambua hata gizani. Na kweli lilikuwa gamba, la kiumbe aliyeishi katika bahari ya Tethys kabla ardhi ya India haijagongana na Asia na kuinua sakafu ya bahari hiyo mpaka mawinguni. Nilimrudishia mwenyewe, maana mawe yale si ya kutia mfukoni na kuondoka nayo.

Kabla ya kwenda nilikuwa nimesikia mengi kuhusu vijiji hivi, na karibu yote yalikuwa na kasoro. Baadhi ya makosa hayo yatakutoa pesa. Moja linaua, kwa hiyo naanza nalo.

"Nafanya mazoezi, mwinuko hautanipata"

Utakupata. Ugonjwa wa mwinuko hauangalii misuli wala umri, na mkimbiaji wa mbio ndefu anaweza kulala hoi huku bibi wa miaka sitini anakunywa chai. Ukifika mita 4,300, kila pumzi inakupa kama asilimia 60 tu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam au Mombasa. Mwili unaweza kuzoea, ila unahitaji siku, na siku hizo hazifidiwi kwa nguvu. Tena kijana mwenye nguvu ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu anapanda haraka na anaona aibu kusema kichwa kinamuuma.

Waliopanda Kilimanjaro watanielewa nikiwapa vipimo vyao. Kaza, mji mdogo ambao ndio makao ya utawala ya Spiti, uko karibu sawa na kambi ya Horombo. Kijiji cha Komic, mita 4,587, kiko chini kidogo tu ya kambi ya Kibo. Kilimanjaro unafika Kibo kwa miguu, siku kadhaa, na mwongozaji anakukumbusha "pole pole" kila kona. Spiti unapanda gari mji wa Manali, mita 2,050, alfajiri, na usiku huo huo umelala Kaza. Umeruka zaidi ya mita 1,600 ukiwa umekaa kitini. Hapo ndipo wageni wanapoumia, na wengi wanadhani ni uchovu wa barabara.

Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Ndiyo maana ninamshauri kila anayeniuliza aingie Spiti kwa njia ndefu ya mji wa Shimla na wilaya jirani ya Kinnaur, alale Kalpa, kisha Tabo, ndipo afike Kaza. Nauli inaongezeka kidogo na siku zinaongezeka. Lakini unafika ukiwa mtu.

Supu ya kitunguu saumu, ambayo utaambiwa kila mahali kuwa ni dawa, ni tamu na inapasha mwili joto. Usiitegemee kwa zaidi ya hapo. Vidonge vya acetazolamide vinasaidia kweli, kwa kuufanya mwili upumue zaidi, ila muone daktari kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Na jifunze dalili za hatari: mwenzako akianza kuyumba kama mlevi, akachanganyikiwa maneno, au akahema akiwa amekaa tu, msisubiri asubuhi. Shukeni usiku huo huo. Hakuna dawa inayoshinda kushuka.

"Himalaya ni theluji mwaka mzima"

Jina lenyewe linachangia, maana kwa Kisanskriti ni makao ya theluji. Lakini Spiti wakati wa kiangazi ni jangwa: milima ya rangi ya udongo, vumbi, jua linalobabua midomo, na vipande vya kijani pale tu walipochimba mifereji ya maji kutoka kwenye barafu ya juu. Safu kubwa ya milima upande wa kusini inazuia mvua za monsuni. Kwa hiyo Julai na Agosti, miezi ambayo vitabu vya safari huiita mibaya kwa Himalaya nzima, ndiyo miezi ambayo mashamba ya njegere na shayiri ya Spiti yanastawi. Mvua haikosekani upande wa kusini, bila shaka. Barabara ya Manali inaweza kufungwa na maporomoko wakati kule juu jua linawaka. Pito la Kunzum, kwenye barabara hiyo ya Manali, lenye zaidi ya mita 4,500, hupitika takriban kuanzia Juni hadi Oktoba tu. Majira ya baridi inabaki njia ya Kinnaur, na mabomba ya vijijini yanaganda kabisa.

"Ni watu waliojitenga na dunia"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu sisi pia tumewahi kuelezwa hivyo na wageni.

Watu wa Dolpo, magharibi mwa Nepal, waliishi kwa biashara: chumvi kutoka Tibet ikishuka kwa misafara ya yaki na kondoo, nafaka ikipanda. Vijiji vingi vya mpakani upande wa India navyo viliishi kwa kufanya biashara na Tibet, hadi vita ya India na China ya 1962 ilipofunga mipaka. Kwa hiyo upweke tunaoushangaa leo si wa kale. Mara nyingi ni mpaka uliochorwa na serikali za mbali, katika miaka ambayo wazee bado wanaikumbuka.

Angalia Turtuk, kijiji cha Wabalti huko Ladakh, eneo la milimani kaskazini mwa India. Mwaka 1971 kilikuwa Pakistan; vita ya Desemba ilipokwisha, kilikuwa India. Aliyekuwa safarini upande wa pili alibaki upande wa pili, na familia zikakatika. Wageni waliruhusiwa kuingia mwaka 2010 tu. Wakazi wake ni Waislamu, na msomaji wa Zanzibar au Lamu akifika pale na kusema "Asalaam aleikum" hatahitaji mkalimani kwa hatua ya kwanza. Anayedhani kila kijiji cha juu Himalaya ni cha Kibuddha hajafika Turtuk.

Na dunia ya leo? Mtandao wa simu uliingia Giu, kijiji cha Spiti, mwaka 2024. Ni kuchelewa, lakini kuchelewa kwa mnara si kutojua. Watoto wa bonde hilo wanasoma Shimla na Chandigarh. Wewe uliyefanya kazi Doha au Dubai huenda umeshakaa chumba kimoja na Mnepali wa kijiji usichoweza kukiona kwenye ramani. Yeye anakijua. Ameiona Ghuba, na pesa zake ndizo zimeezeka nyumba utakayoipiga picha.

"Kijiji cha mwisho", "kijiji cha juu kuliko vyote duniani"

Ni mabango tu. Komic kuna bango linalosema ndicho kijiji cha juu zaidi duniani kinachofikiwa kwa gari, lakini La Rinconada ya Peru iko mita 5,100 hivi na magari yanafika. Chitkul na Mana viliitwa kwa miaka mingi vijiji vya mwisho vya India; sasa Mana imebadilishiwa bango na kuitwa kijiji cha kwanza. Afadhali, maana kwa mwenye nyumba yake hakuna cha mwisho. Unapoanzia kuhesabu ndipo panapoleta tofauti.

"Nauli ikitosha, safari imetosha"

Maeneo mengi ya juu yako karibu na mipaka yenye jeshi. Mgeni anayepita kati ya Spiti na Kinnaur, upande wa Sumdo, anahitaji kibali maalumu, na hicho kinatolewa katika ofisi za serikali Shimla, Reckong Peo au Kaza. Upper Mustang na Upper Dolpo za Nepal zinataka kibali cha eneo lenye vizuizi pamoja na mwongozaji mwenye leseni, na ada yake kwa safari ya siku kadhaa hufika mamia ya dola. Anayetoka Kenya asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano. India inakidai, na bila hicho unaweza kuwekwa karantini uwanjani.

"Kufika kwetu tu ni neema kwao"

Pesa ya mgeni inasaidia ikipitia mikono sahihi. Kijiji cha Rumbak, ndani ya Hifadhi ya Hemis huko Ladakh, familia hupokea wageni kwa zamu, ili mwenye nyumba nzuri asile peke yake, na aliyepoteza kondoo kwa chui wa theluji apate sababu ya kumwacha chui huyo aishi. Utaratibu huo unavunjika pale mgeni anaposema anataka nyumba aliyoiona kwenye picha. Kubali ya zamu.

Maji yana hesabu pia. Langza nilipewa ndoo moja ya kuoga, na nikaambiwa kwa upole kwamba ni ya siku mbili. Choo ni cha juu, tundu kwenye sakafu, pembeni koleo na rundo la udongo mkavu na majivu. Ukimaliza unatupia koleo moja. Hakuna maji, hakuna harufu, na majira ya kupanda kile kilichokusanyika chini kinapelekwa shambani kurutubisha shayiri ile ile utakayopewa asubuhi na chai ya siagi na chumvi.

Asubuhi ya mwisho nilimkuta mama mwenye nyumba amefungua mlango wa chini, ameinama na kijiti mkononi, anatoa kimoja kimoja vitambaa laini vyenye unyevu, vile vya kufutia, ambavyo wageni waliotutangulia walikuwa wamevitupa tunduni. Vile haviozi. Alikuwa anaviweka kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko ulikuwa umejaa nusu. Nikaenda kuchukua kijiti cha pili.